Bodi ya duka la ushirika la chakula: kwa nini duka hufilisika ilhali bodi inakaa kila mwezi?

#1 MizaniKamili
Wakuu, habari. Nina dai, nipingeni kwa hoja.

Duka la chakula linalomilikiwa na wanachama hufa taratibu, bodi ikiona, kwa sababu wajumbe wanaangalia mauzo na kuacha faida ghafi, yaani kinachobaki kwenye mauzo ukitoa gharama ya bidhaa zenyewe. Mauzo yakipanda asilimia 8 kikao kinapongezana. Hakuna anayeuliza yamepanda kwa kushusha bei kiasi gani. Hii biashara ina ziada nyembamba mno: katika kila 100 inayoingia kaunta, ukishalipa mzigo, mishahara, pango, umeme wa majokofu na riba, kinachobaki mara nyingi ni 1 au 2. Faida ghafi ikiteleza kwa pointi mbili tu za asilimia, ziada ya mwaka mzima imekwenda, na grafu ya mauzo bado inapanda.

Swali: mjumbe mpya asiye mhasibu adai takwimu zipi kila mwezi? Na je, tatizo ni takwimu kweli, au kuna jingine?

#2 Stoo_Kuu
Uzi mzuri. Mimi ningedai tano, na zote ziwe na safu mbili pembeni: bajeti, na mwezi kama huu mwaka jana. Bila safu hizo namba inakaa peke yake, haikuambii kitu.

Kwanza faida ghafi kwa kila idara, si ya duka zima. Mboga na matunda huoza, vyakula vya kopo haviozi. Wastani wa duka unaweza kuonekana mzima huku idara moja inavuja. Pili, gharama za wafanyakazi kama asilimia ya mauzo. Tatu, mzunguko wa mali: gharama ya bidhaa zilizouzwa kwa mwaka, gawanya kwa wastani wa thamani ya mali iliyo stoo na kwenye rafu. Gharama ikiwa 1,200,000 na mali 100,000, mali inazunguka mara 12, yaani kila bidhaa inakaa kama siku 30 kabla ya kuuzwa. Nne, siku za fedha taslimu: fedha iliyopo gawanya kwa matumizi ya siku moja. Una 44,000 na unatumia 4,000 kwa siku, umebaki na siku 11. Tano, umri wa madeni ya wasambazaji: yapi ya chini ya siku 14, yapi yamevuka 30.

Ya tatu na ya tano zisomwe pamoja. Mali ikikaa siku 30 na msambazaji anadai baada ya siku 14, hizo siku 16 za katikati duka linazigharamia kwa fedha zake lenyewe. Ndiyo maana duka linaweza kuonyesha ziada kwenye vitabu na bado likakosa hela ya mshahara.

#3 Kaunta2
Naomba ufafanuzi wa kijinga kidogo. Faida ghafi si ndiyo ile tunayoongeza juu ya bei ya kununulia? Nikinunua 100 nikauza 130, ni asilimia 30?

#4 MizaniKamili
Si swali la kijinga hata kidogo, Kaunta2, kuna maduka yamezama hapo hapo. Umeongeza asilimia 30 juu ya gharama, lakini faida ghafi hupimwa kwa bei ya kuuzia: 30 gawanya kwa 130 ni asilimia 23.1. Ukitaka faida ghafi ya asilimia 30 kweli, chukua gharama ugawanye kwa 0.70. Bidhaa ya 100 inauzwa 142.86.

Sasa fikiria bajeti iliyopitishwa na bodi inasema faida ghafi asilimia 30, na mtu wa kubandika bei ana kikokotoo anazidisha kwa 1.30. Pengo ni karibu pointi saba tangu siku ya kwanza ya mwaka. Mjumbe achukue ankara kumi za jana na bei za rafu za leo, afanye hesabu hiyo mwenyewe. Ni kazi ya nusu saa.

#5 Hesabu_ya_Jioni
Hata ukipanga bei sawasawa, faida ghafi unayoiona kwenye taarifa inategemea hesabu ya mali mwisho wa mwezi. Kanuni yake: mali ya mwanzo, jumlisha manunuzi, toa mali ya mwisho, unapata gharama ya bidhaa zilizouzwa. Mali ya mwisho ikiandikwa 10,000 zaidi ya iliyopo, ziada nayo inapanda kwa 10,000 hewa. Mwezi unaofuata inageuka hasara na hakuna anayejua imetoka wapi.

Kwa hiyo bodi iulize: mali ilihesabiwa lini kwa mikono, na nani? Anayeshika funguo za stoo asiwe mhesabuji peke yake. Wawe wawili wawili, mmoja anahesabu, mwingine anaandika, na karatasi isiwe na idadi ya kwenye mfumo, maana mtu akiiona tayari huiandika hiyo hiyo. Halafu mzigo uliopokelewa usiku wa mwisho wa mwezi: kama umehesabiwa kwenye mali lakini ankara yake haijaingizwa, mmejipa faida ya bure.

Kuhusu upotevu, watu hukimbilia kumfikiria mwizi wa dukani. Anzeni mlango wa kupokelea mzigo. Hati ya kuagizia, hati ya mapokezi na ankara zilinganishwe zote tatu kabla ya malipo. Vilivyopungua au vilivyofika vimeharibika vidaiwe kwa msambazaji siku ile ile. Wengi hawakubali dai la wiki iliyopita. Mizani ya idara ya mboga ikaguliwe. Vilivyotupwa viandikwe kwa uzito na sababu, kila siku.

#6 Katiba_Kwanza
Nawasoma wote na napingana nanyi. Duka lenye takwimu zote hizo hufa vilevile kama hakuna mpaka kati ya bodi na meneja. Bodi inaajiri mtu mmoja tu: meneja. Wengine wote anawaajiri yeye. Mjumbe akipita dukani akamwambia keshia apange foleni hivi, mjumbe mwingine kesho akaagiza vile, keshia ana mabosi tisa na meneja hana hata mfanyakazi mmoja. Miezi sita baadaye bodi inataka kumpima meneja, naye anajibu kwa haki kabisa kwamba uamuzi haukuwa wake.

Mjumbe mmoja mmoja hana mamlaka yoyote nje ya kikao. Mamlaka ni ya bodi ikiwa na akidi na imepiga kura. Dukani yeye ni mteja.

Mfumo wa John Carver, Mmarekani aliyeandika kuhusu uongozi wa bodi, umesaidia bodi nyingi za aina hii: bodi inaandika matokeo inayotaka, kisha inaandika mipaka, kisha inamwachia meneja njia. Mpaka unaandikwa kwa kukataza, kwa mfano: "Meneja asiruhusu mali za muda mfupi kushuka chini ya mara 1.2 ya madeni ya muda mfupi." Muda mfupi hapa ni ndani ya mwaka mmoja. Meneja analeta ushahidi kila robo mwaka kwamba hajavuka. Bodi inakubali au inakataa ushahidi, inaandika kwenye muhtasari, inaendelea.

#7 Stoo_Kuu
Katiba_Kwanza, nilikuwa nahesabu dakika tu, nilijua utafika na Carver mkononi 😄

Tatizo la mfumo huo ni kwamba anayepimwa ndiye anayeandika kipimo. Uwiano wa 1.2 unaingiza mali ya stoo. Kama nusu ya mali hiyo imepita muda wake au haiuziki, 1.2 ni jina tu. Bodi inasoma sera, inaridhika, duka linakauka.

#8 Katiba_Kwanza
Hapo humtendei haki. Carver ameweka njia tatu za kuthibitisha: taarifa ya meneja, mkaguzi wa nje, na bodi yenyewe kukagua moja kwa moja. Bodi zinazotumia ya kwanza peke yake zimejichagulia zenyewe. Sera ikitaja uwiano, itaje pia kwamba mara moja kwa mwaka mtu asiye chini ya meneja anahesabu mali. Ndipo hoja ya Hesabu_ya_Jioni (#5) inapopata meno.

#9 Mzee_wa_Rafu
Vijana, turudi kwenye chimbuko. Ushirika wa kwanza wa duka duniani, Rochdale, Uingereza, ulifunguliwa tarehe 21 Desemba 1844 na waanzilishi 28, mtaji pauni 28. Siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa kidogo. Hawakuwa na uwiano wa 1.2. Walikuwa na masharti matatu wasiyoyapindisha: mauzo ni taslimu tu, uzito ni wa haki na bidhaa safi, ziada inarudi kwa mwanachama kulingana na alichonunua. Duka linalokopesha wanachama halidumu, na bodi ndiyo inayoruhusu mikopo hiyo kwa sababu wakopaji ni wapiga kura wake.

#10 Sauti_ya_Mkutano
Shikamoo Mzee, ila wa kwanza hapana. Wafumaji wa Fenwick, Uskoti, waliunda chama chao mwaka 1761, na mwaka 1769 walianza kununua unga wa oti kwa jumla na kuuziana. Rochdale ndiyo iliyofanya kanuni zake zisambae na kuigwa.

Hoja ya mikopo naikubali. Mji huo huo wa Rochdale ulikuwa na duka la ushirika miaka ya 1830, likaanguka kwa kukopesha. Waanzilishi wa 1844 walikuwa wanajua hilo vizuri.

#11 Mzee_wa_Rafu
Marahaba. Nimekubali Fenwick. Taslimu siiachii.

#12 Hisa_na_Akiba
Mnazunguka shina. Chanzo ni mtaji. Duka la kawaida likikwama mwenye mali anaongeza fedha. Duka la ushirika likikwama wanachama wanadai kurudishiwa zao.

Someni masharti yenu kifungu cha kurudisha hisa. Kama kinasema mwanachama anayejitoa atarudishiwa hisa zake ndani ya siku 60, basi huo si mtaji, ni deni. Hata uhasibu wa kimataifa unasema hivyo: tafsiri ya IFRIC 2, iliyotolewa Novemba 2004, inaruhusu hisa za wanachama kuhesabiwa mtaji pale tu ushirika una haki isiyo na masharti ya kukataa kuzirudisha, au sheria au masharti yake yanazuia. Kukataza kwa kiasi kunatosha: masharti yakisema mtaji wa hisa hautashuka chini ya asilimia 80 ya kiwango cha juu ulichowahi kufikia, hiyo asilimia 80 ni mtaji, inayobaki ni deni. Ushirika unaenda benki ukidhani una mtaji wa 300,000, ofisa wa mikopo anasoma kifungu kimoja, anauhamishia upande wa madeni, na mkopo wa majokofu umekufa hapo.

Lugha ya kuweka ni hii: "Hisa zitarudishwa kwa uamuzi wa bodi pekee, pale bodi itakapojiridhisha kwamba kurudisha hakutaathiri uwezo wa ushirika kulipa madeni yake." Mabadiliko hayo yanapita mkutano mkuu, kwa hiyo yafanyeni duka likiwa na afya. Siku ya msukosuko hakuna atakayeyapigia kura.

#13 Kaunta2
Asante, hiki kifungu nilikuwa nakiruka kila nikisoma. Kwa hiyo hata ziada tusiwalipe wanachama? Si ndiyo sababu ya kujiunga?

#14 Hisa_na_Akiba
Walipwe, lakini kwa mpangilio. Chukua duka lenye mauzo 1,000,000, ambapo wanachama wamenunua 600,000 na wasio wanachama 400,000. Ziada ni 20,000. Asilimia 60 yake, yaani 12,000, imetokana na wanachama. Zile 8,000 za wasio wanachama zinakwenda akiba isiyogawanyika. Ukizigawa kwa wanachama unawapa faida iliyotokana na wateja wengine, na sheria za kodi za nchi nyingi zitakugeukia.

Hizo 12,000 ni sawa na asilimia 2 ya manunuzi ya wanachama. Bodi inaweza kulipa taslimu 2,400 na kubakiza 9,600 kama mtaji ulioandikwa jina la kila mwanachama kwenye daftari. Marekani, ili ushirika upate nafuu ya kodi kwa kiasi chote kilichogawiwa, kwa kawaida angalau asilimia 20 ilipwe taslimu. Kwingine kagueni sheria yenu kabla bodi haijatangaza chochote.

Linaloharibika ni hili: miaka minane mizuri, bodi inagawa yote taslimu kwa sababu uchaguzi unakaribia. Mwaka wa tisa mtambo wa ubaridi unakufa. Uchakavu ulikuwa unaandikwa kwenye vitabu kila mwaka lakini hakuna fedha iliyowekwa kando. Tengenezeni orodha ya mitambo, mwaka ilionunuliwa, miaka iliyobaki na bei ya kununua mpya, kisha mweke fedha kila mwezi kwenye akaunti ya pembeni.

#15 Sauti_ya_Mkutano
Hisa_na_Akiba umesema "uchaguzi unakaribia" ukapita haraka. Ndiyo mzizi wenyewe huo. Wanachama wanachagua mtu wanayempenda. Kazi inahitaji mtu anayesoma mizania.

Ushirika wa walaji wa Berkeley, California, ulikuwa na wanachama zaidi ya 100,000, ukafungwa 1988. Kundi la Co-operative la Uingereza, lililokuwa na maduka na benki, lilitangaza hasara ya pauni bilioni 2.5 kwa mwaka 2013, na ripoti ya Paul Myners kuhusu uongozi wake, mwaka 2014, ikasema wazi kwamba muundo wa bodi ulipandisha watu wasio na ujuzi wa kusimamia biashara ya ukubwa ule. Duka la vyakula lilizamishwa na kura.

#16 Hesabu_ya_Jioni
Nakurekebisha. Sehemu kubwa ya hasara ile ilitoka kwenye benki yao, si kwenye rafu. Upande wa vyakula kulikuwa na kufuta thamani ya maduka ya Somerfield waliyoyanunua 2009, lakini benki ndiyo iliyotoboa mfuko. Myners alikuwa sahihi kuhusu ujuzi; wewe umekosea kuhusu duka.

Na Berkeley usiitumie kama ushahidi wa upande mmoja. Waliokuwepo wenyewe hawakubaliani: wengine wanalaumu makundi ndani ya bodi, wengine upanuzi wa matawi, wengine gharama za wafanyakazi na ushindani.

#17 Sauti_ya_Mkutano
Nimerekebishika kuhusu benki. Lakini kwa nini bodi haikuona benki inatoboka? Tumerudi kwenye watu.

Dawa haihitaji kuua kura. Mwanachama mmoja kura moja ni msingi, umo katika kanuni saba za Muungano wa Kimataifa wa Ushirika zilizopitishwa Manchester 1995. Kinachowezekana ni kamati ya uteuzi kutangaza mapema bodi inakosa nini: mwaka huu tunahitaji mtu wa fedha na mtu wa ugavi. Mgombea aje vikao viwili kama mtazamaji na asome taarifa za mwaka kabla ya jina lake kuwekwa kwenye karatasi. Viti tisa, vitatu vinaisha kila mwaka, ili bodi isiondoke yote na kumbukumbu zake. Na nafasi zikiwa tatu na wagombea watatu, hapo hapakuwa na uchaguzi, kamati ilichelewa kutafuta.

#18 Ajenda_Mapema
Nimekuja na swali moja kwa wote. Taarifa ya Machi bodi yenu inaiona lini?

Kama jibu ni mwishoni mwa Mei, basi takwimu za Stoo_Kuu, mipaka ya Katiba na wasomi wa Sauti hawasaidii. Mnaamua juu ya duka la miezi miwili iliyopita. Vitabu vifungwe kufikia tarehe 10, taarifa iwafikie wajumbe tarehe 15, kikao tarehe 22. Meneja aandike ukurasa mmoja: nini kimekwenda nje ya bajeti kwa zaidi ya asilimia 5, kwa nini, na anafanya nini. Muhtasari uliopita na mambo ya kawaida yapitishwe kwa pamoja kwa kura moja. Mjumbe mwenye swali anaomba kipengele kitolewe humo. Hiyo inaokoa dakika 40, zipelekwe kwenye faida ghafi wakati watu bado hawajachoka. Bodi nyingi huanza na rangi ya mifuko saa ya kwanza na kufika kwenye fedha watu wanatafuta usafiri.

#19 MizaniKamili
Ajenda_Mapema, hii ya tarehe naiongeza kwenye dai langu, ingawa bado nasema faida ghafi ndiyo mlango. Naongeza dalili ambayo mjumbe anaiona bila karatasi: mapengo kwenye rafu za bidhaa zinazotoka haraka. Meneja akisema "mzigo unachelewa", uliza kama wasambazaji wameanza kudai taslimu wanaposhusha. Wakifika hapo, omba makadirio ya fedha ya wiki 13, wiki kwa wiki: zinazoingia, zinazotoka, salio. Yasasishwe kila Jumatatu. Wiki ambayo salio linakwenda chini ya sifuri ndiyo tarehe ya mwisho ya uamuzi wenu, na wasambazaji wapigiwe simu kabla yake. Msambazaji aliyepewa ratiba ya malipo huvumilia kuliko aliyekimbiwa.

#20 Kaunta2
Swali la mwisho kwangu. Masharti yetu yanaruhusu mfanyakazi wa duka kuchaguliwa kwenye bodi. Na mjumbe mwingine ana shamba linalouzia duka. Inakuwaje?

#21 Katiba_Kwanza
Vyote vinawezekana, kwa utaratibu. Daftari la maslahi lijazwe kila mwaka na lisomwe mwanzoni mwa kila kikao. Mwenye shamba asiwepo chumbani wakati wa kujadili bei za mazao, mikataba ya wasambazaji au idara ile, na muhtasari uandike saa aliyotoka na saa aliyorudi. Bei yake ilinganishwe kwa maandishi na za wauzaji wengine wawili. Mfanyakazi asishiriki kumpima meneja, mshahara wa meneja wala kiwango cha mishahara. Kabla hajatoka hesabuni akidi: kwa bodi ya saba wakitoka wawili na mmoja hayupo, mmebaki wanne, na masharti mengine yanataka watano.

#22 Stoo_Kuu
Hapo kwa mfanyakazi sikubaliani. Mfanyakazi wa kupokelea mzigo ndiye anayejua upotevu uko wapi. Ukimtoa kwenye kila mjadala wa gharama umemtoa mtu pekee bodini aliyeshika mzani.

#23 Katiba_Kwanza
Sijasema kila mjadala wa gharama. Nimesema meneja na mishahara. Upotevu abaki na aongee.

#24 Hisa_na_Akiba
Abaki, lakini wekeni kikomo cha viti vya wafanyakazi kwenye masharti kabla ya uchaguzi ujao, viwili kati ya tisa kwa mfano. Na Kaunta2, ukiwa unafungua masharti kwa ajili hiyo, peleka na kile kifungu cha hisa (#12) kwenye mkutano huo huo. Notisi ya mabadiliko huwa na muda wake, mara nyingi siku 21 au zaidi. Anza na kusoma hapo.